Maswali mnayotuuliza nje ya kanisa: jumuiya, ubatizo, ndoa, zaka, misiba na mengine ya parokia zetu za Dar

Tumsifu Yesu Kristu ndugu zangu. Haya ni maswali ambayo sisi viongozi wa jumuiya, yaani vile vikundi vya Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, tunaulizwa kila wiki, mengine pale nje baada ya misa, mengine kwenye grupu la WhatsApp usiku, na mengi yanatoka kwa watu ambao tayari wameshakwama, harusi imebaki wiki mbili au msiba umeshatokea. Nimejibu kwa jinsi mambo yanavyokwenda kwenye parokia nyingi za hapa jijini. Ratiba na fomu zinatofautiana parokia na parokia, kwa hiyo kabla hujafanya lolote pitia ofisini kwako.

Nimehamia mtaa mpya, naanzia wapi?

Anzia kwenye jumuiya. Wengi wanafanya kinyume, mtu anahamia Goba au Chanika au Mbagala, anasali misa ya kwanza mwaka mzima, anakaa benchi la nyuma na anaondoka kabla ya matangazo, halafu siku akitaka kubatiza mtoto ndo anaenda ofisini na anaulizwa swali moja tu, unasali jumuiya gani? Hapo anaanza kuhangaika kutafuta mwenyekiti ambaye hamjui na mwenyekiti naye hamjui.

Ukishahamia nenda misa yoyote ya Dominika, subiri mpaka mwisho, mfuate mama yeyote mwenye sare ya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) mwambie mama mimi nakaa karibu na sehemu fulani, jumuiya yetu ni ipi? Wanajua nyumba hadi nyumba. Jumuiya zimegawanywa kwa ujirani na zina majina ya watakatifu, juu yake kuna kanda, kigango kama kipo, kisha parokia, dekania (parokia kadhaa za jirani) na jimbo. Kama ulikotoka ulikuwa na jumuiya omba barua ya utambulisho kabla hujahama, viongozi wa jumuiya wanaandika na ofisi ya parokia inagonga muhuri. Kama ulishahama bila barua usijifiche, nenda hivohivo ujitambulishe, waandike jina lako na la mwenzio na watoto, barua itafuata.

Nawasisitiza hasa wapangaji. Najua mtu anaona mkataba wa miezi sita, kesho kutwa nahama tena, ya nini kujiandikisha. Lakini wewe ndo unayehitaji jumuiya kuliko mwenye nyumba aliyekaa miaka ishirini na kila mtu anamjua, manake wewe ukiumwa usiku huna shangazi wa karibu, ndugu zako wako Mbinga au Bukoba au Rombo.

Hivi jumuiya wanafanya nini hasa?

Wanasali, wanasoma Injili ya Dominika inayokuja na kuiongelea kwa maisha yao, wanapeana taarifa za wagonjwa na wenye shida, wanapanga zamu ya usafi wa kanisa, wanachangia kidogo. Sehemu nyingi za Dar ni Jumamosi alfajiri au asubuhi mapema, kwa zamu nyumba kwa nyumba, saa moja hivi mmemaliza na watu wanaenda kwenye shughuli zao. Mwenye nyumba hatakiwi kupika. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanakwepa zamu yao wakidhani lazima waandae chai na maandazi kwa watu ishirini, meza yenye kitambaa safi, msalaba na mshumaa inatosha kabisa, na kama ni chumba kimoja tunakaa nje kwenye mkeka.

Na sio kitu kilichobuniwa na paroko wenu. Maaskofu wa kanda yetu ya Afrika Mashariki kupitia umoja wao, AMECEA, walilizungumza mwaka 1973, na mwaka 1976 wakaamua kujenga jumuiya ndogondogo za Kikristo kiwe kipaumbele cha uchungaji. Waliona parokia zimekuwa kubwa mno, watu wanasali pamoja miaka na hawajuani. Ukiangalia misa ya pili ya parokia yoyote kubwa ya Dar leo, watu wamejaa mpaka kwenye maturubai nje, utaelewa walichokuwa wanakiona.

Mimi nafanya kazi Jumamosi, nitafanyaje?

Sema. Mwambie mwenyekiti au katibu kwamba wewe ni nesi, mlinzi, unauza duka Kariakoo, unaendesha bodaboda, zamu zako ziko hivi. Wapo wengi tu na jumuiya nyingi zinaelewa, unakuja siku ambayo upo off, unatuma mchango wako, unajibu meseji za msiba, unaenda kumwona mgonjwa jioni. Anayeonekana hayupo ni yule aliyenyamaza. Kwa upande wetu viongozi naomba tuache kuhesabu mahudhurio kama shule, mtu akikosa mara tatu mpigie simu umuulize kama yuko salama, usimpigie kumuuliza mchango.

Ni kweli usiposali jumuiya ukifa hawakuziki?

Hili ndo swali linaloongoza na ndo linaloumiza watu kuliko yote, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Sheria ya Kanisa inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa kwenye kanuni ya 1184: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kutawakwaza waamini. Na hata hao ni kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, na kukiwa na mashaka yoyote anaulizwa askofu. Humo hakuna aliyekosa jumuiya. Hata mkatekumeni ambaye hajabatizwa bado, kwenye mambo ya mazishi anahesabiwa pamoja na waamini.

Sasa kwa nini watu wanahangaishwa? Padre wa parokia yenye maelfu ya waamini hawezi kumjua kila mtu. Anapigiwa simu saa nne usiku kwamba fulani amefariki, wanataka misa kesho saa saba, na yeye anauliza ni Mkatoliki? amebatizwa wapi? alikuwa na ndoa? nani anamfahamu? Jumuiya ndo inayojibu. Ikijibu kwamba hatumjui, padre anabaki njia panda, na familia inaona imekataliwa wakati mwingine kumbe ni taarifa tu hazipo. Ndo maana tunawaomba mjulikane mkiwa hai.

Lakini pia nasema wazi, kuna viongozi wanatumia msiba kukomoa watu, wanatoa daftari la michango mbele ya wafiwa, anadaiwa miezi nane, malizeni kwanza. Hiyo haifai na haina nafasi kwa Mkristo. Deni la mchango halizuii sala kwa marehemu. Ukikutana na hali hiyo usibishane pale msibani, mtume ndugu mmoja mtulivu aende moja kwa moja kwa paroko na cheti cha ubatizo cha marehemu au chochote kinachoonyesha imani yake, hata picha ya komunyo ya kwanza inasaidia kuanzisha mazungumzo.

Kama mnasafirisha mwili kwenda nyumbani, waambieni jumuiya mapema ili misa ya kuaga ifanyike hapa na barua ya parokia iende na msafara, huko kijijini paroko wao naye atauliza yaleyale. Na usiku wa msiba jumuiya inakuja kusali rozari, msiwape taabu ya kuwaandalia chakula, wekeni viti na taa tu.

Nataka kubatiza mtoto, natakiwa kuwa na nini?

Tangazo la kuzaliwa la mtoto au cheti cha kuzaliwa, barua au saini ya jumuiya, vyeti vya ubatizo vya wazazi (na cha ndoa kama mnayo), jina la msimamizi, na mhudhurie semina ya wazazi na wasimamizi. Kanisa linataka mtoto abatizwe ndani ya wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, kwa hiyo usisubiri mpaka upate hela ya ukumbi na keki. Ongea na jumuiya hata mimba ikiwa bado. Mtoto akiwa kwenye hatari ya kufa abatizwe palepale, na hata nesi au bibi anaweza kumbatiza kwa kumwagia maji na kusema nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kisha mnatoa taarifa parokiani aandikwe.

Sijafunga ndoa, mtoto wangu atabatizwa?

Kanisa linataka mambo mawili, mzazi mmoja walau aridhie na kuwe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki. Mtoto hana kosa la kuadhibiwa. Mwezi Januari 2014 Papa Fransisko alibatiza mle kwenye kikanisa cha Sistina mtoto ambaye wazazi wake hawakuwa na ndoa ya kanisani. Hapa kwetu utaulizwa maswali, utaambiwa muweke ndoa sawa kama inawezekana, na mara nyingi ataangaliwa bibi au shangazi au msimamizi atakayesaidia malezi ya imani. Dada zangu msikate tamaa mkijibiwa vibaya mara ya kwanza na mtu wa mapokezi, ombeni kumwona padre mwenyewe.

Msimamizi awe nani?

Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, amepata kipaimara na Ekaristi, anaishi imani yake, na asiwe baba au mama wa mtoto. Mmoja anatosha, wakiwa wawili wawe mwanaume na mwanamke. Rafiki yako Mlutheri mpendwa anaweza kusimama kama shahidi pamoja na msimamizi Mkatoliki. Chagua mtu atakayekumbuka jina la mtoto baada ya miaka kumi.

Ndoa tuanze kufuatilia lini?

Miezi sita kabla, na kabla hujalipia ukumbi. Watu wa Dar tunaanza na kamati ya harusi, kadi, MC na mpiga picha, kanisa linakuja mwishoni, halafu tunamlaumu padre kwamba anatuchelewesha.

Mnahitaji vyeti vya ubatizo vilivyotolewa karibuni, sio kile cha zamani ulichokitunza tangu darasa la nne, manake nyuma ya kile kipya parokia uliyobatizwa inaandika kama umeshafunga ndoa sehemu nyingine au hapana. Mnahitaji kipaimara, barua za jumuiya zote mbili, semina ya ndoa, na mahojiano ya kila mmoja peke yake na padre. Halafu matangazo yanasomwa Dominika tatu kanisani, na serikali nayo kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla. Piga hesabu mwenyewe kama wiki mbili zinatosha. Kwaresima parokia nyingi hazifungishi ndoa, na baada ya Pasaka foleni ni ndefu.

Mwenzio akiwa Mlutheri au Mwanglikana inahitajika ruhusa ya askofu, akiwa Muislamu au hajabatizwa ni kibali maalumu, na bila kibali hicho ndoa haiwi halali kwa Kanisa. Vyote vinaombwa kupitia paroko na vinapatikana, jiji hili limejaa familia za hivyo zinazoishi vizuri tu. Mkatoliki anaahidi kushika imani yake na kufanya anavyoweza watoto wabatizwe Kikatoliki, na mwenzie anafahamishwa ahadi hiyo. Mwambie mapema, sio mbele ya padre.

Cheti changu cha ubatizo kimepotea na nilibatizwa mkoani.

Kumbukumbu zipo kwenye daftari la parokia uliyobatizwa, haziko hapa wala hazihami. Piga simu au mtume ndugu aliye huko, awe na majina yako kamili, ya wazazi, ya msimamizi na mwaka. Kama kigango chako kilipandishwa kuwa parokia baadaye, daftari la zamani huenda lilibaki kwenye parokia mama, uliza huko kwanza kabla ya kupanda basi.

Zaka, sadaka, tegemezo, ujenzi, mavuno, mbona michango haiishi?

Naelewa uchovu huu na sitaki kuudharau, maisha ni magumu. Tutenganishe. Sadaka ni ile unayotoa misani, haina kiwango. Zaka ni sehemu ya kipato chako unayomtolea Mungu, ipo kwenye Amri za Kanisa tulizokariri wote mafundisho, na kwa parokia nyingi unapewa bahasha au kadi yenye namba yako. Tegemezo la jimbo linaenda kwa askofu kuendesha mambo ya wote, mfano kusomesha waseminari. Ujenzi ni ahadi yako mwenyewe, ukishindwa kaongee upunguziwe muda, usihame parokia kwa sababu ya deni la mifuko ya saruji. Wakati wa mavuno tunaleta mazao, na sisi wa mjini tusio na shamba tunaleta mchele, kuku, mafuta, au pesa, baada ya misa kuna mnada pale nje na mkungu wa ndizi unaweza kununuliwa mara tatu na watu wanaurudisha uuzwe tena. Siku hiyo parokia ina raha kwelikweli.

Kuhusu hela zinakoenda, una haki ya kuuliza. Sheria ya Kanisa kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha yenye waamini wanaomsaidia paroko. Taarifa isomwe, mapato na matumizi, kwa namba. Parokia zinazosoma taarifa hazihangaiki kuomba mara mbili, watu wanatoa kwa sababu wameona bati limepanda. Toa kwa lipa namba ya parokia au chukua risiti, usitume kwenye namba ya simu ya mtu binafsi hata awe kiongozi mzuri vipi.

Sina hela ya nia ya misa, naweza kuombewa?

Ndiyo. Sadaka ya nia, ile unayotoa ili misa iadhimishwe kwa ombi lako, ni desturi nzuri ila misa hainunuliwi, na Kanisa linawahimiza mapadre waadhimishe kwa nia za waamini, hasa maskini, hata bila sadaka yoyote. Mwambie padre.

Nijiunge chama gani cha kitume?

Inategemea unaitwa wapi. WAWATA ni kina mama wote Wakatoliki, ipo tangu 1972, na waliokuwepo Uwanja wa Mkapa Septemba 2022 kwenye jubilei ya miaka 50 hawatausahau ule umati wa vitenge. UWAKA ni kina baba, na hapa nawasihi kina baba wenzangu, tumewaachia kina mama Kanisa kwa muda mrefu sana. Vijana wana VIWAWA, wanafunzi wana TYCS (sekondari) na TMCS (vyuo). Lejio ya Maria wanatembelea wagonjwa na waliolegea imani, kazi ya kimyakimya ambayo wengi hawaioni. Kuna Moyo Mtakatifu, Wafransisko, Karismatiki, kwaya. Watoto wapelekwe Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na askofu Charles de Forbin-Janson ili watoto wawasaidie watoto wenzao. Chagua kimoja ukitumikie vizuri.

Mama yangu anaumwa sana, tumwite padre lini?

Leo. Usisubiri hajitambui. Upako wa wagonjwa sio wa kufa peke yake, ni wa mgonjwa yeyote mwenye hali nzito, mzee aliyedhoofika, anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa, na unaweza kurudiwa hali ikibadilika. Wengi wanaogopa kwamba mgonjwa akiona padre atajua anakufa, matokeo yake padre anafika mtu ameshafariki, na marehemu hapakwi, anaombewa tu. Akiwa na fahamu anaungama na kupokea Ekaristi, na nimeona nyuso zikibadilika kabisa baada ya hapo. Andaa meza ndogo, kitambaa cheupe, mshumaa, msalaba, na zima TV. Kama amelazwa Muhimbili, Amana au Temeke waulize manesi, wanajua namna ya kumpata padre.

Kwaresima nani anafunga?

Kufunga chakula ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 mpaka 59. Kujinyima nyama ni kuanzia miaka 14. Wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha hawalazimiki. Saumu ya Ekaristi ni saa moja kabla ya komunyo, maji na dawa haviivunji. Njia ya Msalaba ni kila Ijumaa, parokia nyingi jioni ili watu watoke makazini.

Hija Pugu na Bagamoyo zinaendaje?

Pugu ni karibu, jumuiya na vyama vinakodi Coaster au watu wanatembea kwa miguu usiku wakisali, vaa viatu ulivyovizoea na usiachane na kundi. Bagamoyo ndo walipofika Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, na mwaka 2018 tuliadhimisha palepale miaka 150 ya Uinjilishaji wa Tanzania Bara. Tembea mpaka kwenye makaburi ya wamisionari, usome umri wao kwenye mawe, wengi walikufa vijana wadogo kwa malaria na homa. Walijua na bado waliendelea kuja.

Nimesikia Bagamoyo sasa ni jimbo, sisi tuko wapi?

Ni kweli, Papa Fransisko aliliunda mwaka 2025 kutokana na Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro, na Askofu Stephano Musomba, aliyekuwa msaidizi hapa Dar, ndiye askofu wake wa kwanza. Dar tunaendelea na Askofu Mkuu Jude Thaddaeus Ruwa'ichi aliyempokea kijiti Kardinali Pengo mwaka 2019. Kama parokia yako iko upande wa Pwani uliza ofisini, inahusu tegemezo na pia jina la askofu linalotajwa kwenye misa.

Kuna misa ya Kiingereza? Nina mgeni.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, karibu na kivuko cha Kigamboni, na Mtakatifu Petro Oysterbay. Mpeleke Mtakatifu Yosefu mapema kidogo alione kanisa lenyewe, lilijengwa wakati wa Wajerumani kati ya 1897 na 1902.

Mimi sio Mkatoliki, nataka kuwa.

Karibu sana. Mwone katekista Jumapili yoyote baada ya misa. Mafundisho ya wakubwa hayaendi haraka, na ambao hawajabatizwa kwa kawaida wanabatizwa Mkesha wa Pasaka. Kama ulibatizwa Kilutheri au Kianglikana hubatizwi tena, ubatizo huo unatambuliwa, leta cheti.

Nina jambo zito, sio la fomu wala barua, nataka tu kuongea na padre.

Nenda. Mapadre wengi wana siku za kusikiliza watu, zimebandikwa mlangoni pa ofisi, Jumatatu mara nyingi wanapumzika. Huhitaji saini ya mwenyekiti wala huulizwi bahasha. Ukimkuta ana foleni kaa usubiri, au mfuate kabla ya misa ya asubuhi ya katikati ya wiki, watu wanakuwa wachache na anakuwa na muda, na kama ni maungamo mwambie tu Baba naomba kuungama.